Khabari za Shinyanga na Geita Ziko Mikononi mwa Nani?

Niruhusu nianze kwa kosa langu mwenyewe, kisha twende safari.

Mwaka 1987, siku chache kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, tulikuwa tukiisafisha nyumba ya marehemu bibi yetu, Bagamoyo. Darini palikuwa na mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake karatasi zilizogeuka rangi ya chai, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sisi vijana tulikuwa tumekhitimu Qur'ani, lakini hati ile ya mkono, isiyo na irabu, iliyoandikwa mbio mbio, ilitushinda. Tukasema ni dua, au ni aya. Na wewe waijua mila ya nyumba zetu: karatasi yenye herufi zile haitupwi jaani ikakanyagwa na kuku. Huzikwa mahali safi, au huchomwa, au hupelekwa baharini. Mkebe nikapewa mimi. Nikaingia majini mpaka magotini, nikazimwaga zote, nikarudi nyumbani nikijiona nimepata thawabu.

Baada ya Idi akaja shangazi yetu kutoka Tanga. Akapanda darini mwenyewe, akashuka mikono mitupu. "Barua za ami yangu mmeziweka wapi?" Ndipo tulipojua. Hazikuwa aya, ila Bismillahi ya kila mwanzo. Zilikuwa barua za Kiswahili za babu yetu mdogo, fundi cherehani, aliyepanda gari la moshi kwenda Shinyanga katika miaka ya 1930, kisha akaifuata dhahabu ya Geita akiwashonea nguo wachimbaji, wala hakurudi tena pwani. Shangazi hakunigombeza. Alikaa kitandani, akaomba maji ya kunywa.

Nakueleza haya, ndugu yangu, usije ukadhani kwamba anayekuandikia ni mwalimu.

Mwaka 2025 nilipopata wasaa nikaazimia kwenda huko alikokwenda babu. Lakini kabla ya kufunga mzigo nilitaka kwanza kusoma: nchi ile, kutoka Shinyanga mpaka Geita, khabari zake za zamani zimeandikwa na nani, na ziko wapi? Hapo ndipo nilipoanza kustaajabu.

Tuanze na Speke. Mwingereza huyu alitoka Unyanyembe mwezi wa Julai 1858, akaikata nchi ya Wasukuma kuelekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akasimama mbele ya ziwa, Mwanza. Pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, ambaye walizungumza naye Kihindustani, na ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wake kwa wenyeji. Bombay aliitembea njia ile ile, akaliona ziwa lile lile. Lakini sisi tunamjua kwa kalamu ya Speke, na Speke tunamjua kwa kalamu yake mwenyewe.

Akaja Stanley. Huyu alikuwa mtu wa gazeti, New York Herald, na ingawa alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, alijiita Mmarekani na watu wakamwitikia. Novemba 1874 aliondoka hapa kwetu Bagamoyo na msafara mkubwa, akapita nchi ambazo leo ni mikoa ya Dodoma, Singida na Shinyanga, na mwishoni mwa Februari 1875 akafika Kageyi, kando ya ziwa. Gharama zililipwa na gazeti lake pamoja na Daily Telegraph la London. Daftari zake leo ziko Tervuren, Ubelgiji. Mtu wa Shinyanga akitaka kusoma aliyoyaandika Stanley kwa mkono wake juu ya vijiji vya mababu zake, basi aombe viza.

Na mzigo waliokwenda nao wasafiri hawa wote kulipia hongo na chakula njiani ulikuwa nini? Merikani! Neno hili bibi zetu walilitamka kila siku bila ya kulifikiria. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa Massachusetts, kikapakiwa katika merikebu za Salem, kikashushwa Unguja. Mkataba baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833. Balozi wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Na mwaka 1840 merikebu ya Sayyid, Sultana, ikatia nanga New York na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Sasa sikiliza walilolifanya watu wa Salem. Walikuwa wachuuzi, si wanazuoni. Lakini kila barua ya biashara waliiweka: bei ya pembe, bei ya sandarusi, nani anadaiwa, nahodha gani kaugua. Watoto wao wakaziweka, na wajukuu wakazipeleka kwenye makumbusho. Mwaka 1965 zikachapishwa Boston, kitabu kizima. Leo mtu yeyote akitaka kuijua Unguja ya miaka ya 1840 hana budi kuufungua mkebe wa Salem. Na mpagazi aliyelibeba robota la kitambaa kile kutoka Bagamoyo mpaka Usukuma hana mstari wake hata mmoja.

Nisiwadhulumu wazee wetu, wapo walioandika. Selemani bin Mwenye Chande aliieleza safari yake ya bara, ikachapishwa 1901. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa kwetu, aliandika desturi za Waswahili, zikatoka 1903. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa lugha yetu. Lakini tazama waliovipeleka vitabu hivyo mtamboni: Velten na Brode, Wajerumani. Kama si wao sijui karatasi zile zingeishia wapi. Pengine katika maji yale yale ya Bagamoyo.

Basi nikafunga safari.

Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kituo cha Shinyanga ndipo aliposhukia babu na cherehani yake. Mimi nilishuka kwa basi, usiku, vumbi limenijaa masikioni. Asubuhi nikaenda Mwadui, ambako si mbali na mji. Hapo mwaka 1940 Mkanada mmoja, Dokta John Williamson, aliugundua mwamba wa almasi, na mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Akampa zawadi Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa Novemba mwaka ule ule. Lilipochongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katika bruchi. Jiwe hili lina wasifu uliotimia kuliko watu wengi ninaowajua: uzito wake, mwaka wake, sonara wake, na jina lake pia, kwani huitwa almasi ya waridi ya Williamson. Nikamwuliza kijana anayeuza soda kando ya barabara: ni nani aliyeliokota? Akanitazama kama mtu anayeuliza jua linachomoza wapi. "Mzungu," akasema. Mimi, ndugu msomaji, sioni vipi tajiri mwenye mgodi na wafanyakazi chungu nzima awe ndiye aliyekuwa akipepeta changarawe mwaka 1947. Lakini kijana yule hakusema uongo. Alisema alichoachiwa.

Nikapita Ibadakuli, kwao Chifu Kidaha Makwaia, ambaye mwaka 1945, pamoja na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, walikuwa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Enzi ya watemi iliondolewa na sheria ya mwaka 1963. Mengi ya yale tunayoyajua juu ya utawala wao, yaani namna mtemi alivyotawazwa, alivyohukumu, alivyozikwa, yaliandikwa na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na Serikali ya Kiingereza. Karatasi zake, shukurani kwa Mungu, hazikuvuka bahari: ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na ngoma na viti vya watemi utavikuta Bujora, karibu na Mwanza, alikovikusanya padri Mkanada, David Clement. Nilipofika Bujora nilikaa mbele ya ngoma zile muda mrefu. Padri alikuja kwa kazi ya dini yake, hilo linajulikana. Lakini watu walipoanza kuviona vitu vya watemi kuwa takataka za zamani, yeye alivijengea nyumba. Mwenye kustahili shukurani ashukuriwe.

Nimetangulia; nirudi Shinyanga, kwani pale nilipata fedheha ambayo sitaisahau.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja upande wa Samuye. Nikamwamkia, "Mwangaluka," akaitikia, akanipa kigoda, akaniuliza jina. Nikataja langu na la baba yangu. Akanyamaza, akingoja. Nikaongeza la babu. Akangoja. Nikaongeza la baba wa babu. Bado anangoja! Ikanibidi niseme kwamba nimefika mwisho. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akanitajia wake, akikunja kidole kwa kila jina, mpaka vikafika tisa. Na kila alipofika kwa aliyehama alisimama, akanieleza ametoka wapi, kwa sababu ya njaa gani, na ng'ombe wangapi walimfia njiani. Yeye hajui kusoma. Mimi nimesoma, na nyumba yetu ina watu waliojua kalamu kwa vizazi vingi.

Wasukuma wameweka mengi katika ngoma pia. Kila mwaka baada ya mavuno vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana, na nyimbo hutungwa juu ya kila lililopita: njaa, kodi, bei ya pamba, vita vya Wazungu, hata treni. Mmarekani mmoja, Profesa Frank Gunderson, alizifuata nyimbo zao za kazi, akazikusanya zaidi ya mia tatu, akaeleza kila moja imetoka kwa nani, na kitabu chake kikatoka mwaka 2010. Ni kazi kubwa kweli kweli. Lakini kitabu kile kimechapishwa Leiden, Uholanzi, kwa bei ambayo mwimbaji hawezi kuifikia.

Je, kumbukumbu ya mdomo iaminiwe yote? Hapana, na hapa wanazuoni wetu walitutangulia mbali. Imam Bukhari hakutosheka na maneno mazuri. Aliuliza, nani kakwambia, naye kaambiwa na nani, na je, hao wawili waliwahi kukutana? At-Tabari aliweza kuandika riwaya mbili au tatu za tukio moja, kila moja na watu wake, akamwachia msomaji apime. Ibn Khaldun alichukua idadi za majeshi zilizosimuliwa na wa kale, akauliza: jeshi kubwa hivi lingepigana vipi mahali padogo hivi? Nikajaribu mizani hiyo kwa mzee wangu. Alikuwa akinisimulia Ng'wanamalundi, yule mcheza ngoma mashuhuri wa Usukuma, ambaye husemwa kwamba alinyoosha kidole mti ukakauka. Nikamwuliza, wewe uliuona mti? Akasema, hapana, baba yangu aliuona. Nikasema, baba aliuona mti ukikauka, au aliuona mti mkavu? Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mti mkavu," akasema. Tukawa marafiki tangu hapo.

Kutoka Mwanza kwenda Geita zamani ilikuwa lazima ungoje pantoni. Tangu Juni 2025 kuna daraja la Kigongo na Busisi, na gari hupita juu ya maji kwa dakika chache. Geita dhahabu yake imejulikana tangu 1898, siku za Wajerumani. Mgodi wa wakati wa Waingereza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Mtu mmoja mwenye kujua kazi za miamba alinieleza jambo lililonikaa moyoni. Anasema wakitoboa ardhi kutafuta dhahabu, kila kipande cha jiwe kinachotoka hupangwa sandukuni, huandikwa kimetoka shimo lipi na kina cha mita ngapi, na masanduku hayo hutunzwa miaka na miaka, hata ya mashimo yasiyokuwa na kitu. Kwani huwezi kujua lini utalihitaji jiwe. Nikasema, Mashaallah, laiti na watu wangewekwa hivyo.

Nilizunguka siku tatu nikimwuliza babu. Wapi! Mwisho, karibu na msikiti, nikaelekezwa kwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, mcha Mungu, macho yake yameingia ukungu. Akasema alipokuwa mtoto alimjua Mswahili mmoja mwenye cherehani ya Singer, akiwapa watoto vipande vya vitambaa vya kuchezea, na kwamba alizikwa kwenye makaburi ya zamani. Nikaomba nipelekwe. Mjukuu wake akanipeleka mpaka penye vibanda vya mafundi pikipiki na nyumba mbili za kupangisha. "Ni hapa," akasema. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi, ya mwaka 1969, inayotaka wahusika wapewe taarifa. Lakini wahusika wa fundi cherehani walikuwa Bagamoyo, na anwani yao ilikuwa katika barua nilizozimwaga mimi. Nikasoma Fatiha pale pale, kati ya spana na mafuta machafu.

Jioni ile nikawauliza vijana watatu wa bodaboda kama wana khabari za mwaka 1958. Hawana. Mwaka ule, ndugu msomaji, watu wa Geita walilikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi lililoletwa na Waingereza, wakatoka kwa wingi kwenda mpaka Mwanza kwenye ofisi ya jimbo kusema hawalitaki. Halikuwa jambo dogo: TANU ilikuwa imefungiwa katika Usukuma tangu 1954, na watu walisimama. Khabari yake nimeisoma kwa urefu katika kitabu cha Mmarekani, Andrew Maguire, kilichotoka mwaka 1969. Msukuma aliyeandika utafiti mkubwa juu ya Wabinza, Buluda Itandala, naye aliuwasilisha katika chuo cha Kanada, mwaka 1983. Vijana wale waliniambia nikikipata kitabu hicho kwa Kiswahili niwaletee. Hakipo kwa Kiswahili.

Sasa nifike kwenye jambo zito, nalo nitaligusa kwa uangalifu. Kusini ya Geita, upande wa Kahama, kuna Bulyanhulu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa pale ili kampuni ichukue eneo. Wako waliodai, na wako wanaodai mpaka leo, kwamba mashimo yalifukiwa na watu wamo ndani. Serikali na kampuni walikanusha. Na mwaka 2002 ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilichunguza, ikasema haikuona ushahidi wa kuyathibitisha madai hayo. Mimi sikuwapo, wala si kazi yangu kuhukumu. Ninalolisema ni hili: wachimbaji walikuja kutoka kila upande, kila mmoja na jina la utani, na orodha iliyokubaliwa na pande zote ya walioingia na waliotoka haikuwapo. Basi mmoja anasema walikuwamo, mwingine anasema hawakuwamo, na wa tatu hana daftari la kuwaamulia.

Utaniuliza, na hao Wamarekani wenye maktaba je? Sikiliza kisa cha mji wa Tulsa. Mei 31 na Juni 1 mwaka 1921 Wazungu wenye silaha waliichoma mitaa ya watu weusi iitwayo Greenwood, wakaua watu. Serikali ilihesabu maiti 36. Kisha mji ukanyamaza. Vitabu vya shule havikusema, magazeti hayakusema, na watoto wengi walikua pale bila kujua. Waliojua ni wazee weusi, waliosimuliana majumbani. Tume ilipoundwa na kutoa ripoti yake mwaka 2001 ikasema huenda waliokufa walifika 300. Wazee walikuwa wakisema siku zote kwamba kuna makaburi yasiyoandikwa. Mwaka 2020 wakachimba katika makaburi ya mji, wakakuta majeneza. Lakini mifupa haina jina. Mwaka 2024 wakalipata jina la kwanza: C. L. Daniel, aliyekuwa askari katika Vita Vikuu vya Kwanza. Walimjua kwa vipimo vya damu ya ukoo wake, na kwa nini tena? Kwa barua! Mwaka 1936 wakili wa mama yake alikuwa amemwandikia mkuu wa ofisi ya askari wastaafu kumwombea mama haki zake, akataja kwamba mtoto aliuawa Tulsa. Barua ile ikawekwa faili, faili likawekwa katika Nyaraka za Taifa, na baada ya miaka 88 ikasema.

Sisemi Tulsa na Bulyanhulu ni jambo moja; nimekwisha kueleza lililo na lisilothibitika. Wala usidhani kwamba Wamarekani wamesuluhishwa na karatasi zao. Wanagombana mpaka leo juu ya lipi lifundishwe shuleni na sanamu ya nani isimame barabarani. Charlottesville walimwaga damu mwaka 2017 kwa sababu ya sanamu ya Jenerali Lee, wakaiondoa 2021, wakaiyeyusha 2023. Lakini anayegombana akiwa na barua mkononi, na anayegombana akiwa hana, hawagombani ugomvi mmoja.

Na kuna Mmarekani mmoja ambaye nilipomsoma nilifunika kitabu. Si Mmarekani kwa kupenda. Omar ibn Said alikuwa mwanachuoni wa Futa Toro, Afrika ya Magharibi. Alitekwa, akauzwa Charleston mwaka 1807, akatoroka, akatiwa jela katika mji wa Fayetteville, na ndani ya jela akaandika Kiarabu ukutani. Mwaka 1831, akiwa bado mtumwa, akaandika maisha yake kwa Kiarabu. Alianza kwa Suratul Mulk, aliyoihifadhi moyoni, na ndipo akasema yeye ni nani. Karatasi zile zikapita mkono kwa mkono kwa watu ambao wengi wao hawakuweza kusoma hata alifu. Zikapotea miaka mingi, zikaonekana mwaka 1995 katika sanduku la zamani huko Virginia, na mwaka 2017 zikanunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hawakujua kusoma, wakaweka. Sisi tulijua nusu nusu, tukamwaga. Nami naikumbuka aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo haikuja juu ya pepo wala moto. Imekuja juu ya deni, kwamba liandikwe, na mwandishi asikatae, na mashahidi wawepo. Deni la shilingi kumi tuliambiwa tuliandike!

Niliporudi kutoka Geita sikwenda Bagamoyo. Nilikwenda Tanga, kwa shangazi. Ana miaka tisini kasoro, na alipokuwa msichana baba yake alikuwa akizisoma barua zile kwa sauti barazani baada ya sala ya Isha. Nikanunua daftari jipya. Nikamwambia, shangazi, usiniambie yaliyosemwa na watu, niambie uliyoyasikia mwenyewe yakisomwa. Akaniambia nisimharakishe.

Katika siku tano amenipa barua nne. Ya kwanza kutoka Shinyanga: babu anaomba papa mkavu, kwa maana samaki wa ziwa hawampendezi, na anaeleza kwamba watu wa kule hawacheki mtu akikosea lugha yao. Ya pili: ameoa, na mwanamke anajua kulima kuliko yeye. Ya tatu imebaki nusu. Shangazi alilala usingizi siku ile ilipokuwa ikisomwa. Ya nne ilitoka Geita wakati wa vita vya Hitler. Nguo hazipatikani, bafta hakuna kabisa, na homa imeingia kambini. Anasema ameshona sanda tatu kwa merikani ya magunia ya zamani, za watu watatu wasiokuwa na jamaa pale. Kisha akaandika majina yao na miji yao, akamwomba ndugu yake ayasome msikitini siku ya Ijumaa, huenda akatokea mtu anayewajua.

Je, yalisomwa? Shangazi anasema yalisomwa, Ijumaa mbili.

Na majina? Anafumba macho. Mmoja alikuwa mtu wa Saadani, hilo ana yakini nalo. Wa pili anakumbuka alikuwa ni Juma, lakini Juma wa nani. Nimempigia simu tena jana. Anasema alfajiri lilimjia jina la tatu, akaliamsha tama la kulisema, mjukuu akaingia na chai, likaondoka. Nimeiacha mistari yao wazi katika daftari, na mbele ya Juma nimetia alama ya kuuliza.